Mzee Asiyelalamika

Watafiti wa afya ya wazee wana swali moja wanalolipenda kuliko vipimo vingi vya maabara: kwa ujumla, afya yako ikoje? Mzee huchagua jibu moja kati ya matano, kutoka nzuri sana hadi mbaya sana, na kazi imekwisha. Hakuna sindano wala mashine. Ungedhani jibu la namna hiyo ni maneno tu, lakini sivyo. Mwaka 1982 Jana Mossey na Evelyn Shapiro walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka kadhaa wazee zaidi ya 3,000 wa jimbo la Manitoba, Kanada, wote wakiwa na miaka 65 au zaidi. Waliosema afya yao ni mbaya walikuwa na uwezekano wa kufa karibu mara tatu ya waliosema ni nzuri sana, na tofauti hiyo haikufutika hata umri, jinsia, kipato na maradhi yao yalipowekwa kwenye hesabu. Mwaka 1997 Ellen Idler na Yael Benyamini walizikusanya tafiti 27 za aina hiyo kutoka nchi mbalimbali, na karibu zote zikasema jambo lile lile: mtu akiulizwa hali yake, anajua kitu ambacho faili lake la hospitali halikijui.

Ugumu unaanza pale wazee wawili wenye ugonjwa mmoja wanapotoa majibu mawili. Wote wameishi na kisukari miaka mingi, sukari zao zinapishana kidogo tu, presha zinafanana, dawa ni zile zile. Mmoja anasema hajambo kabisa. Mwenzake anasema afya imekwisha. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na hulka, yaani ile namna ya kudumu ambayo mtu huhisi, huwaza na hutenda, ujana hadi uzee. Wanasaikolojia wengi huipima kwa pande tano: wepesi wa kuingiwa na wasiwasi na huzuni, uchangamfu, udadisi wa mambo mapya, ukunjufu kwa watu, na umakini wa kutunza utaratibu na ahadi. Mwaka 2002 Renee Goodwin na Gunnar Engström, wakitumia majibu ya Wamarekani wapatao 3,000, walionyesha kwamba wenye wasiwasi mwingi waliiona afya yao kuwa mbaya zaidi, na wachangamfu, wadadisi na makini waliiona nzuri zaidi, wawe wana maradhi au hawana. Wengi wanaosoma matokeo kama hayo hukimbilia kusema kwamba hulka ni kasoro ndani ya kipimo, kwa hiyo mwenye wasiwasi apunguziwe kidogo, ukweli utabaki. Ninachokiona mimi ni kwamba tunapunguza upande mmoja tu. Malalamiko ya mzee mwenye wasiwasi tunayatilia shaka. Utulivu wa mzee asiyelalamika tunaupokea mzima mzima, na kwa magonjwa sugu huko ndiko hatari kubwa iliko.

Shaka juu ya mlalamikaji haikuzuka hewani. Katika miaka ya 1980 Paul Costa na Robert McCrae, watafiti wa uzee waliokuwa Baltimore, walionyesha kwamba watu wenye wasiwasi mwingi hueleza maumivu mengi ya kifua bila kuwa na dalili nyingi zaidi za ugonjwa wa moyo wenyewe. Mwaka 1989 David Watson na James Pennebaker waliikuza hoja hiyo: tabia ya kuhisi vibaya inahusiana sana na idadi ya dalili ambazo mtu anazitaja, na inahusiana kidogo mno na hali ya mwili inayopimika. Mtu wa hulka hiyo anausikiliza mwili wake kwa makini, kila mpigo wa moyo ni habari, na habari anaipokea kwa ubaya. Muuguzi yeyote anamjua bibi ambaye kila siku ya kliniki ana jipya: juzi mgongo, jana kifua, leo kichwa. Si haki kumcheka, lakini pia si uongo kwamba orodha yake ndefu haimaanishi ana magonjwa mengi kuliko aliyeketi pembeni yake. Kufikia hapo sayansi na uzoefu wa kliniki vinakubaliana. Tunapokosea ni kuishia hapo, kana kwamba hulka huongeza tu na haipunguzi kamwe.

Ili kuona jinsi inavyopunguza, tuangalie jibu lenyewe linavyotengenezwa. Marja Jylhä wa Finland, katika makala ya mwaka 2009 ambayo wengi huirejea, alieleza kwamba anayeulizwa hali yake hufanya kazi tatu kwa mara moja: hukusanya anachokijua kuhusu mwili wake, hukilinganisha na kile anachoamini kuwa ni kawaida kwa mtu wa rika lake, kisha hukiweka katika maneno yanayokubalika kwao. Mzee wa miaka 78 hajilinganishi na kijana. Anajilinganisha na rika lake, ambao wengi wao ameshawazika, na waliobaki mmoja haoni na mwingine hatoki kitandani. Yeye bado anakwenda msikitini kwa miguu yake. Magoti yanauma, lakini huo ni uzee tu. Kwa hesabu hiyo jibu la “nzuri” si uongo hata kidogo. Mwaka 1999 Gary Albrecht na Patrick Devlieger waliwahoji Wamarekani wenye ulemavu mkubwa, na zaidi ya nusu walisema maisha yao ni mazuri au mazuri sana, jambo lililowashangaza watu wasio na ulemavu kuliko walioulizwa. Ugonjwa ukikaa muda mrefu mtu hubadilisha vipimo vyake vya ndani: anachokiita maumivu makali leo si kile alichokiita hivyo miaka 10 iliyopita, na mambo anayoyapa uzito si yale yale. Mchangamfu hufanya marekebisho hayo upesi, mwenye wasiwasi huyafanya kwa shida au hayafanyi. Kwa hiyo hulka haikai nje ya jibu ikilichafua. Ni miongoni mwa vitu vinavyolijenga.

Hulka pia ina kazi nyingine isiyohusu maneno. Lewis Terman alianza mwaka 1921 kuwafuatilia watoto zaidi ya 1,500 wa California wenye akili nyingi, na wenzake waliendelea na kazi hiyo baada yake hadi wengi wa watoto wale walipozeeka. Mwaka 1993 Howard Friedman na wenzake walitangaza kwamba waliokuwa makini na wenye utaratibu utotoni waliishi muda mrefu zaidi. Kwa mwenye ugonjwa sugu tunaweza kukisia sababu mojawapo, maana kisukari na presha ni maradhi yanayotibiwa nyumbani kuliko hospitali. Daktari anamwona mgonjwa mara chache kwa mwaka; siku zilizobaki daktari ni yule anayekumbuka kumeza dawa baada ya chai, anayekataa soda harusini, anayerudi kliniki tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mzee makini akisema hali yake ni nzuri, nyuma ya neno lake kuna kazi. Mzee mchangamfu asiye makini akisema vile vile, nyuma yake panaweza kuwa na dozi zilizorukwa kwa sababu mwili haukumsumbua.

Hilo la mwili kutosumbua ndilo kiini cha jambo. Chukua mguu wa mwenye kisukari. Sukari ikikaa juu kwa miaka, mishipa ya fahamu ya miguuni huharibika, na ganzi huanza kwenye vidole na kupanda taratibu. Kokoto ikiingia kwenye kiatu, hasikii. Maji ya moto yakimuunguza, hasikii. Malengelenge hupasuka, hugeuka kidonda, na kwa kuwa damu nayo haifiki vizuri huko chini, kidonda hakifungi. Wengine hukigundua pale mjukuu anapouliza harufu inatoka wapi. Katika wiki zote hizo mzee huyu akiulizwa afya yake ataweza kusema ni nzuri, na atakuwa mkweli, kwa sababu ugonjwa umeua kile ambacho kingempa habari. Presha nayo haiumi. Figo zinaweza kupoteza sehemu kubwa ya kazi zao kabla mtu hajahisi lolote. Magonjwa sugu yanayowapata wazee wengi zaidi ni yale yale yasiyotoa sauti, na mwili ukinyamaza, jibu la mtu linabaki kutegemea zaidi hulka yake na aliyoambiwa kliniki, kama amewahi kufika huko.

Wengi hawajafika. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa wazee zaidi ya 2,000 wenye miaka 70 na kuendelea, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta karibu asilimia 70 wana presha ya juu, wengi hawakuwa wamewahi kuambiwa, na waliokuwa na presha iliyodhibitiwa walikuwa wachache mno. Amartya Sen aliwahi kulieleza tatizo hili kwa mfano wa India, katika makala fupi ya mwaka 2002. Jimbo la Kerala, ambako watu huishi muda mrefu na wamesoma zaidi, ndiko watu husema wanaumwa sana. Bihar, ambako maisha ni mafupi na huduma ni duni, watu hutaja maradhi machache. Asiyewahi kuambiwa kwamba uchovu na kukojoa usiku kucha ni ugonjwa ataviita uzee. Sen alizungumzia majimbo mazima na si hulka, lakini mantiki yake inamfuata mtu mmoja mmoja hadi nyumbani kwake: ukimya unaweza kuwa alama ya afya, na unaweza pia kuwa alama ya kutojua.

Ushahidi uliobana zaidi ulitoka Uingereza mwaka 2017. Catharine Gale, Ian Deary na wenzao walichukua watu zaidi ya 321,000 waliojiandikisha katika hazina ya data iitwayo UK Biobank, wengi wakiwa na miaka kati ya 40 na 70, wakawafuatilia kwa miaka sita hivi, ambamo watu karibu 4,500 walifariki. Kwa juu juu, wenye wasiwasi mwingi walikufa zaidi kidogo. Lakini watafiti walipoweka kwenye hesabu jinsi kila mtu alivyoiona afya yake, picha iligeuka: wenye wasiwasi mwingi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kufa, na faida hiyo ilionekana hasa kwa wale waliosema afya yao ni ya wastani au mbaya. Maelezo yanayokuja kwanza ni kwamba mwenye wasiwasi hasubiri. Akiona damu kwenye choo leo, kesho yuko kwa daktari, wakati mtulivu anasema itapita. Nakiri kwamba utafiti mmoja, hata ukiwa mkubwa kiasi hicho, haumalizi ubishi. Washiriki wa hazina hiyo walijitolea wenyewe, na wanaojitolea huwa na afya na elimu kuliko wastani wa nchi. Kuna jingine linalotuhusu zaidi sisi. Uingereza mtu huonana na daktari bila kulipa mlangoni, hivyo wasiwasi una njia ya kugeuka matibabu. Pasipo na njia hiyo, pale ambapo nauli ya bodaboda kwenda hospitali ya wilaya ni sawa na chakula cha siku mbili, wasiwasi unabaki kuwa usiku bila usingizi.

Hapo ndipo wengine watasema: basi tatizo ni umaskini, hulka ni mazungumzo ya wenye nafasi. Wana haki kwa kiasi kikubwa. Mzee anayepokea pensheni jamii ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016 kwa Sh 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na zaidi, au Sh 2,000 za Kenya kupitia mpango wa Inua Jamii, hahitaji mtaalamu wa hulka amwambie kwa nini anajiona mgonjwa mwisho wa mwezi. Ukitaka kueleza kwa nini kijiji kimoja kina afya kuliko kingine, anza na maji, barabara na dawa. Ila swali letu halikuwa la vijiji. Ndani ya umaskini ule ule, nyumba moja na nyingine, wapo wanaokwenda na wapo wasiokwenda; na dirisha la wazee hospitalini linapofunguliwa, na msamaha wa malipo kwa wasio na uwezo unapotangazwa, kama Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 ilivyokusudia, wa kwanza kufika ni yule ambaye tayari alikuwa na hofu. Huduma ikisogezwa karibu, hulka haipungui nguvu. Inapata nafasi zaidi ya kuamua nani atafaidika.

Pingamizi la pili ni zito kuliko hilo: huenda tunachokiita hulka ya wasiwasi ni sonona iliyojificha. Wazee wenye maradhi ya muda mrefu hupata sonona mara nyingi, na sonona huifanya afya yote ionekane mbaya, hupunguza hamu ya chakula na ya dawa. Kuita sonona “ndivyo alivyo” ni kumnyima mtu tiba. Njia ya kuvitenganisha ni kutazama muda: hulka ni ya miaka, sonona ina mwanzo. Ndiyo maana jibu moja lililotolewa siku moja lina thamani ndogo kuliko mfululizo wa majibu ya mtu yule yule. Bibi aliyelalamika miaka 20 na leo analalamika yuko kwenye kiwango chake. Apimwe kama kawaida, asidharauliwe. Mzee ambaye hajawahi kusema anaumwa, halafu mwezi huu akasema tu kwamba hajisikii vizuri, amesema neno kubwa. Kwa mtu wa aina yake, hilo linatosha kumlaza na kumchunguza. Uzito wa neno unategemea nani amelisema, na huwezi kuujua kama hukumbuki alisema nini mwaka jana.

Pingamizi la tatu linahusu vipimo vyenyewe, na hapa nakubali zaidi kuliko ninavyokataa. Zile pande tano za hulka zilitokana na maneno na majibu ya watu wa Marekani na Ulaya. Mwaka 2013 Michael Gurven na wenzake walizijaribu kwa Watsimane, wakulima na wavuvi wa Bolivia, na hazikujitokeza zikiwa tano. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walionyesha kwamba hojaji hizo zikisomwa ana kwa ana katika nchi za kipato cha chini mara nyingi hazipimi zinachodai kupima. Watu huwa na mwelekeo wa kukubali kila wanachoulizwa, hasa mwulizaji akiwa mtu wa heshima. Swali la afya nalo lina shida zake. Kijana mwenye kishkwambi anafika uani: “Shikamoo bibi. Afya yako leo ikoje?” Bibi anajibu, “Marahaba mwanangu, hatujambo, tunamshukuru Mungu.” Kijana anabonyeza “nzuri”. Bibi hakutoa tathmini ya afya, alimpokea mgeni. Kijana angengoja, angekaribishwa kukaa, angeletewa maji, na baada ya robo saa angesikia habari za kifua kisicholala. Lakini kasoro hizo haziifuti hoja yangu, zinaielekeza upande ule ule: adabu, shukrani na aibu ya kuwa mzigo kwa watoto vyote vinasukuma jibu kuelekea “nzuri”. Desturi na hulka ya utulivu vinapokutana kwa mtu mmoja, ugonjwa umepata pa kujificha.

Wapo pia wanaosema kwamba hata kama yote haya ni kweli hayana faida, kwa kuwa samaki mkunje angali mbichi, na mtu wa miaka 70 hakunjiki. Ushahidi hauko nao kabisa. Brent Roberts na wenzake walipitia tafiti 207 mwaka 2017 na kuona kwamba matibabu ya kisaikolojia, hata ya wiki chache, huibadilisha hulka kwa kiasi kinachopimika, hasa upande wa wasiwasi. Mwaka 2014 Markus Jokela na wenzake waliona mwendo wa kinyume: watu waliopatwa na magonjwa kama kiharusi, kisukari na ya moyo walipungua uchangamfu, utulivu na umakini. Ugonjwa unaula umakini ule ule unaohitajika kuudhibiti. Hata hivyo sioni haja ya kuigeuza hulka ya mzee. Anayetakiwa kubadilika ni anayemsikiliza.

Kusikiliza huko kuna sura ya kawaida kabisa. Kadi ya kliniki inaandikwa presha, uzito na sukari. Haikosi nafasi ya neno moja la mgonjwa mwenyewe kila anapokuja, ili la leo lisomwe na la safari iliyopita. Swali la jumla lifuatwe na maswali yasiyojibika kwa adabu: jana usiku uliamka mara ngapi, mara ya mwisho kupanda kile kilima cha sokoni bila kupumzika ilikuwa lini, vidonge vilivyobaki kwenye pakiti ni vingapi. Na vipo vya kufanya bila kuuliza. Mguu wa mwenye kisukari uvuliwe kiatu na ukaguliwe, hasa wa yule asemaye hauna neno. Binti au mkwe aliyemsindikiza aulizwe pia, kwa tahadhari, kwa sababu jamaa mara nyingi huiona hali ya mgonjwa kuwa mbaya kuliko anavyoiona mwenyewe, nao wana hulka zao. Mkwe mwenye wasiwasi na baba mkwe mtulivu watatoa taarifa za watu wawili tofauti. Ziandikwe zote mbili, na anayezisoma ajue ipi ni ya nani. Kazi hii inamla muuguzi dakika chache kwa kila mgonjwa, na kwenye kliniki yenye foleni hadi nje dakika hizo hazipatikani bure, kwa hiyo atabidi achague pa kuzitumia. Kwa sasa anazitumia kwa anayelalamika, maana ndiye anayezidai.